Mikwaju Miwili

Mji wa Tukuyu, ulio makao makuu ya wilaya ya Rungwe, umepata kuandikwa kwa majina mawili. Wakati wa utawala wa Kijerumani uliitwa Neu Langenburg katika ramani na katika barua za serikali. Jina hilo lilikuwa limesafiri kabla ya kufika milimani. Langenburg ya kwanza ilikuwa kituo kando ya Ziwa Nyasa; makao ya serikali yalipopandishwa juu, jina lilipandishwa pamoja nayo, likatanguliziwa neno lenye maana ya upya ili lisichanganywe na lile lililoachwa ufukoni. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliuteka mji, na katika utawala uliofuata jina la Tukuyu ndilo lililosimama. Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, haukusogea kwa ajili ya mabadiliko hayo, wala mvua ya milima ile haikupungua hata tone. Kilichobadilika ni namna ya kuutaja mji. Walakini mtu atafutaye leo habari za Tukuyu za mwaka 1910 katika makabati ya nyaraka, naye hajui ila jina la Tukuyu, yamkini atatoka mikono mitupu, ingawa karatasi azitakazo ziko mbele ya macho yake.

Jambo lililopata mji huo hupata kila siku mafaili yaliyomo ndani ya kompyuta. Faili huwa ni lilelile, lakini hutajwa kwa njia mbili, na mashine iliyozoea njia moja huapa kuwa faili halipo. Hasara itokayo humo si ndogo. Madaftari ya mauzo ya majani ya chai, matokeo ya mitihani, tasinifu za wanafunzi na hati za mashamba siku hizi huhifadhiwa katika mafaili. Na faili lisilopatikana ni sawasawa na faili lililoungua.

Njia ya faili ni mfululizo wa majina uongozao kutoka penye shina hata penye jani. Mtu aulizwaye makazi yake huweza kujibu: Tanzania, mkoa wa Mbeya, wilaya ya Rungwe, mji wa Tukuyu, kisha mtaa, kisha nyumba. Kila jina limo ndani ya lile lililotangulia. Kompyuta hufuata mpango huohuo, folda ndani ya folda, na kati ya jina na jina huwekwa alama ya kutenga. Katika mifumo endeshi ya ukoo wa Unix, ambamo Linux imo, alama hiyo ni mkwaju ulioinamia mbele, na shina la njia zote ni mkwaju mmoja peke yake. Katika mfumo wa Windows alama ya kawaida ni mkwaju nyuma, na njia huanza kwa herufi ya diski na nukta mbili. Kwa hiyo faili moja laweza kuandikwa hivi:

C:\Shule\Matokeo\Kidato4.csv

na pia laweza kuandikwa hivi:

/mnt/c/Shule/Matokeo/Kidato4.csv

Tofauti hii haikuletwa na uadui wala na falsafa. Ililetwa na mambo madogo yaliyofuatana, kama vile njia ya miguu inavyopinda kwa sababu ya mti ambao umekwisha kukatwa zamani. Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, na mkwaju ulitumika humo kutenga majina ya folda. Upande wa pili, mfumo wa MS-DOS ulitoka mwaka 1981 pamoja na kompyuta ndogo ya IBM. Wakati huo haukuwa na folda ndani ya folda, kwa hiyo haukuwa na haja ya alama ya kuzitenga. Lakini mkwaju ulikuwa umekwisha kupewa kazi nyingine: uliandikwa baada ya amri ili kueleza namna ya kuitimiza, kama katika amri ya DIR/W. Mwaka 1983, toleo la pili la mfumo huo lilipoleta folda, kiti cha mkwaju kilikuwa kimekaliwa. Akaitwa ndugu yake aliyeinamia nyuma, naye akakaa katika kiti hicho hata leo. Windows ilirithi desturi hiyo. Kompyuta za Macintosh nazo zilitumia nukta mbili kwa kazi ileile mpaka zilipoingia katika ukoo wa Unix kwa mfumo wa Mac OS X mwaka 2001. Hata sura ya mkwaju nyuma haikuwa moja duniani. Katika kompyuta nyingi za Japani mahali pake huonekana alama ya fedha ya nchi hiyo, yeni, hata njia ya faili hufanana na orodha ya bei.

Na achukuliwe, kwa mfano tu, mwalimu wa shule ya sekondari katika Rungwe. Kompyuta ya shule ina Windows, na matokeo ya mitihani yamo katika diski yake. Mwalimu huyu amejifunza Linux, ambayo tangu mwaka 2016 huweza kuishi ndani ya Windows kama mpangaji katika nyumba ya mwenyewe. Anapenda kupanga alama za wanafunzi kwa amri fupi zinazoandikwa mstari kwa mstari, kwa kuwa amri moja humfanyia kazi ya jioni nzima. Ananakili njia ya faili kutoka dirisha la Windows, anaibandika katika dirisha la Linux, na mashine inamjibu kuwa faili hilo halipo. Anatazama tena dirisha la kwanza. Faili liko palepale. Mtu mwenye moyo mwepesi angeshuku kuwa diski imeharibika.

Diski ni nzima. Kilichoharibika ni tamko. Katika mstari wa amri wa Linux, mkwaju nyuma una kazi yake mwenyewe: huiambia mashine kuwa herufi inayofuata ichukuliwe kama ilivyo, isipewe maana ya pekee. Ukikwisha kutoa agizo hilo hutoweka. Kwa hiyo njia iliyobandikwa bila ya kufungwa katika alama za kunukuu husomwa hivi: C:ShuleMatokeoKidato4.csv. Kuta zote za vyumba zimeanguka, na majina yameshikamana kama nazi katika kichala. Hakuna folda yenye jina hilo duniani, na mashine haikusema uongo iliposema halipo.

Basi dawa ya kwanza imjiayo mtu ni kugeuza kila mkwaju nyuma uwe mkwaju. Ni dawa nusu. Matokeo yake ni C:/Shule/Matokeo/Kidato4.csv, na Linux ikisoma hivyo hufahamu kuwa yatafutwa folda iitwayo C: ndani ya folda ambamo mtu yumo wakati ule. Mikwaju imegeuzwa, lakini njia haijageuzwa. Hapa ndipo lilipo jambo la kufikiriwa, nalo halihusu kompyuta peke yake.

Kila asemaye Kiswahili ni mfasiri wa saa. Akisoma katika tangazo kuwa kikao kitaanza 8:00 asubuhi, humwambia mwenzake saa mbili. Akisikia saa nne, huandika 10:00. Kanuni ni moja, nayo ni sita: huongezwa au hupunguzwa, na mtoto aliyekwisha kujua hesabu huweza kuitumia. Lakini katika hesabu ya zamani ya pwani siku huanza jua linapokuchwa, na usiku wa Ijumaa ni ule utanguliao mchana wa Ijumaa, yaani ule ambao kalenda ya ofisini huuita Alhamisi. Mtu aliyefasiri saa kwa usahihi kabisa, na asijue siku ilianzia wapi, atafika karamuni baada ya masufuria kuoshwa. Kanuni ya sita ilikuwa sahihi. Mwanzo wa hesabu ndio haukuwa mmoja.

Katika njia za faili mkwaju ni kama ile sita, na herufi ya diski ni kama mwanzo wa siku. Mkwaju hugeuzwa kwa kanuni. Herufi ya diski haigeuzwi kwa kanuni yoyote, maana hakuna jambo lolote katika herufi C liwezalo kumjulisha mtu kuwa upande wa pili diski hiyo imetundikwa katika /mnt/c. Jambo hilo limeamuliwa na mtu, nalo limeandikwa mahali, kama ilivyoamuliwa na kuandikwa kuwa Neu Langenburg ni Tukuyu. Hapana mwanazuoni, awe hodari namna gani, awezaye kulipata jina la pili kwa kuligeuzageuza la kwanza. Hulipata kwa kuambiwa, au kwa kutazama katika orodha. Na orodha zenyewe hutofautiana. Cygwin, programu iletayo amri za Unix ndani ya Windows, huiita diski ileile /cygdrive/c. Na hata /mnt yaweza kubadilishwa na mwenye mashine akitaka.

Kwa sababu hiyo zimetungwa programu ndogo ambazo kazi yao ni kufasiri njia. Katika Cygwin imo cygpath. Katika Linux iliyo ndani ya Windows imo wslpath. Mwalimu wa mfano huandika:

wslpath -u 'C:\Shule\Matokeo\Kidato4.csv'

naye hupewa njia ya Linux. Alama za kunukuu zilizotangulia na kufuata ndizo zinazozuia mikwaju isimezwe kabla ya kufika kwa mfasiri. Akitaka kurudi huandika -w badala ya -u. Na akitaka njia iliyo kati kwa kati, yenye herufi ya diski na mikwaju ya mbele, huandika -m. Njia ya namna hiyo hukubaliwa na programu nyingi za Windows. Ubora wa wafasiri hawa si kugeuza mikwaju. Kazi hiyo yaweza kufanywa na mtu yeyote kwa kalamu. Ubora wao ni kuwa wanaijua orodha ya mashine ile wanayoitumikia.

Kuna jambo la kuangaliwa katika majibu yao. Linux ikiitaja diski ya Windows, huiweka chini ya shina lake yenyewe, kama tawi lililopachikwa. Windows ikiyataja mafaili ya Linux, huyaandika kwa njia ianzayo \\wsl.localhost, kana kwamba yako katika mashine nyingine ya jirani. Kila mmoja anajiona kuwa yeye ndiye nyumba, na mwenzake ni chumba au ni mgeni. Ndivyo walivyo pia wakazi wa kando za ziwa lililo kusini ya Tukuyu. Tanzania huliita Nyasa. Malawi, iliyopata uhuru mwaka 1964, huliita kwa jina la nchi yake. Msumbiji huliandika Niassa. Wanyakyusa wa upande huu wa mto Songwe na Wangonde wa upande wa pili ni jamaa kwa lugha na kwa desturi, lakini ramani ya kila upande humchora jirani ukingoni. Maji hayajui kuwa yana majina matatu. Wajuao ni wasafiri, na mzigo wa kufasiri ni wao.

Baada ya kanuni na orodha, lipo fungu la tatu, nalo ndilo la hatari: mambo yasiyofasirika. Kinyakyusa kina irabu saba, na Kiswahili kina tano. Mtu aandikaye Kinyakyusa kwa herufi tano za irabu hana budi kuweka sauti mbili katika herufi moja, na maneno mawili yaliyo mbalimbali kinywani mwa bibi huwa neno moja katika karatasi ya mjukuu. Msomaji aliyezaliwa katika lugha hiyo ataokolewa na maana ya sentensi. Kompyuta haiokolewi na maana ya kitu chochote. Linux hupambanua herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili. Windows, kwa desturi yake, huzihifadhi kama zilivyoandikwa lakini haizipambanui. Mwalimu aweza kuwa na faili Neema.csv, lenye alama za msichana wa jina hilo, na faili neema.csv, lenye orodha ya wanafunzi waliopata msaada wa wafadhili. Kwa Mswahili, Neema ni mtu na neema ni kitu. Kwa Linux pia ni vitu viwili. Yakipelekwa katika folda moja ya Windows, jina huwa ni lilelile, na faili lifikalo nyuma huweza kulifunika lililotangulia. Hapana kelele, wala damu, msichana amefutwa.

Kadhalika Windows hukataa nukta mbili katika jina la faili, kwa kuwa imeipa kazi ya diski. Mtu aliyeandika katika Linux kumbukumbu ya kikao na kuliita faili "Kikao 10:30" atalikuta jina lake likikataliwa mpakani. Yapo na majina mazima yaliyokatazwa, kama CON na NUL, kwa sababu katika mfumo wa zamani yalikuwa majina ya vyombo vya mashine, na marufuku ya babu yamemfikia mjukuu. Hata urefu wa njia huwa kikwazo, maana programu nyingi za Windows kwa desturi hazikubali njia ipitayo herufi 260. Mwenye kupenda folda ndani ya folda ndani ya folda hufika mahali pasipo njia.

Tena kuna nafasi tupu, ambayo kwa jicho ni kitu kisichokuwapo. Kiswahili hupenda kuunganisha majina kwa "ya" na "za", kwa hiyo folda zake huitwa Matokeo ya Zamani, au Barua za Wazazi. Katika mstari wa amri nafasi tupu hutenga neno na neno. Mtu atakaye kufuta folda ya Matokeo ya Zamani, na asiifunge katika alama za kunukuu, huwa ameiamuru mashine kufuta vitu vitatu: Matokeo, kisha ya, kisha Zamani. Ikiwa jirani yake ipo folda iitwayo Matokeo, yenye kazi ya mwaka huu, ndiyo itakayofutwa. Na ile ya zamani iliyokusudiwa itabaki salama. Mstari wa amri hautoi sikio kwa nia. Ni mtumishi mwaminifu kupita kiasi, ambaye hutenda lililosemwa na hakumbuki kuuliza.

Yafaa pia kutenga njia kamili na njia ya kutegemea. Mwaka 2022, pamoja na sensa ya watu na makazi, Tanzania ilifanya kazi kubwa ya kuzipa nyumba anwani, mitaa ikaandikwa majina na milango ikapewa namba. Namba ile ni njia kamili: humfikisha mtu popote atokapo. Lakini mgeni akiuliza njia sokoni Tukuyu, aghalabu huambiwa ashuke, apite mgomba ule, apinde penye kisima. Maelezo hayo ni mazuri na ya kirafiki, ila yana sharti moja: anayeyafuata aanzie alipo msemaji. Njia ya faili isiyoanzia penye shina ina sharti hilohilo. Ina faida kubwa, kwa kuwa haina herufi ya diski wala /mnt, na folda nzima ikihamishwa haipotezi maana yake. Ikigeuzwa mikwaju tu imekwisha kufasiriwa. Ina hasara moja, nayo ni kuwa mtu akihama mahali pake bila ya kukumbuka, njia humpeleka kwa jirani.

Kutokana na hayo yote huonekana kuwa kufasiri njia ni kazi ya mafungu matatu, na kila fungu lina adabu yake. La kanuni laweza kuachiwa mashine. La orodha lataka orodha itunzwe na kuandikwa waziwazi, maana orodha iliyo kichwani mwa mtu mmoja huondoka naye siku ya uhamisho. La mambo yasiyofasirika lataka kinga itangulie: majina ya mafaili yaandikwe kwa herufi ndogo, pasipo nafasi tupu, pasipo nukta mbili, wala yasipambanuliwe kwa ukubwa wa herufi peke yake. Jina kama matokeo_ya_zamani halina uzuri wa kishairi, lakini huvuka mto Songwe bila ya kuulizwa pasi.

Na juu ya mafungu yote matatu yasimame mazoea moja ya kale: nakala ya asili isifutwe mpaka iliyofika upande wa pili imefunguliwa, imesomwa, na hesabu ya mafaili imelinganishwa. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka huo, katika shule ya milimani, yamkini ni alama za wanafunzi wa miaka kumi, na hakuna mtihani uwezao kurudiwa ili kuzipata tena.

Wako wanaoona kuwa mambo ya mikwaju ni mambo ya mafundi, na mtu wa lugha hana sehemu humo. Rai hiyo ni dhaifu. Swali la jina na kitu, la kipi hufasirika na kipi hupotea, lilikuwa swali la wafasiri, wachora ramani na makarani muda mrefu kabla ya kompyuta ya kwanza kuwashwa. Aliyeandika Neu Langenburg katika bahasha na aliyeandika Tukuyu walikuwa wakiutaja mlima uleule na mvua ileile. Waliobeba barua ndio waliotakiwa kujua hivyo. Na palipokosekana ajuaye, barua ilirudi kwa mwenyewe, au haikurudi kabisa.